Bure, Huru, Huria

Kiingereza kina neno moja, "free", linalobeba mizigo miwili: kitu kisicholipiwa na mtu asiyefungwa. Neno hilo limewasumbua hata wenyewe. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wenye lengo la kuunda mfumo wa kompyuta ambao kila mtumiaji angekuwa na haki ya kuuchunguza, kuubadili na kuwagawia wengine. Tangu hapo amekuwa akieleza kila aendako kwamba hazungumzii bei, anazungumzia uhuru. Miaka zaidi ya 40 imepita na maelezo hayo bado yanarudiwa. Mswahili hana shida hiyo. Sisi tuna bure, tuna huru, tuna huria, na kila neno lina nyumba yake.

Bure lina sura mbili. Kitu cha bure hakilipiwi; lakini kazi bure ni kazi isiyozaa, na aliyekufa bure amekufa pasipo sababu. Lugha yenyewe inatutahadharisha kwamba kisicho na bei chaweza pia kukosa thamani. Huru ni hali ya mtu au nchi isiyo chini ya mwingine. Huria limetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu, ila matumizi yetu yamelipa kazi yake ya pekee. Tunasema soko huria, tunasema Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Sokoni watu hulipa, na chuoni ada hulipwa. Kwa hiyo neno hilo halitaji bei. Linataja mlango ambao kila anayetaka anaweza kuupita. Waliotangulia kusema "programu huria" walilenga penyewe.

Nayaandika haya kwa sababu maneno hayo matatu yamegeuka, kwetu sisi washairi wachache wa Nachingwea na Ruangwa, kuwa shauri la kukata. Tuna kompyuta tatu za mezani, zote zilizokwisha kutumika kwingine kabla ya kutufikia. Ndani yake mna mashairi yetu na, lililo kubwa zaidi, mna tenzi za mjomba wangu wa Ruangwa, ambaye macho yake hayamruhusu tena kuandika kwa mkono. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha marekebisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, mfumo endeshi uliokuwamo katika kompyuta zote tatu. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya aina ya TPM 2.0, kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, na kichakato kilichomo katika orodha ya Microsoft yenyewe. Kompyuta zetu hazimo. Si kwamba zimeharibika. Zinawaka kila asubuhi na zinachapa kila herufi. Ila mwenye mfumo amesema zimezeeka.

Njia zilikuwa tatu: kununua kompyuta mpya zenye Windows 11, kubaki na mfumo usiotunzwa tena, au kuhamia Linux.

Tuanze na hoja ambayo watu wengi hudhani ndiyo kubwa, yaani bei. Ukisimama mbele ya fundi wa Nachingwea au Ruangwa ukamwambia kuwa Linux ni ya bure, atakutazama kwa huruma. Kwake yeye Windows nayo ni ya bure. Unampelekea kompyuta, "anaipiga Windows" kutoka kwenye flashi yake, unamlipa ada ya kazi, unaondoka. Mfumo huo umevunjwa kufuli, na leseni haijanunuliwa na yeyote. Hivyo katika miji yetu bure imekwisha kushinda siku nyingi, nayo imeshinda kwa upande wa kampuni ya kibiashara, si wa programu huria. Anayekuja na hoja ya bei anawauzia maji watu wanaoishi mtoni.

Lakini wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nasi hapa nguo hata kuazimwa haikuazimwa. Mfumo uliovunjwa kufuli huja na wageni wake. Kila aliyewahi kupeleka flashi steshenari kuchapisha barua anaijua balaa ya kurudi nyumbani na kukuta makabrasha yake yote yamegeuka kuwa vialama visivyofunguka. Virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, navyo hupita kutoka flashi moja hadi nyingine kama upele katika bweni. Kwenye Linux haviwaki. Hilo ni jambo la manufaa na halina haja ya falsafa.

Basi tuachane na bure, tuingie katika huru. Anayenunua leseni ya Windows kwa haki kabisa, kwa fedha zake, hanunui Windows. Ananunua ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Kiswahili kinalo neno la mtu wa namna hiyo: mpangaji. Kupanga si aibu, na nyumba ya kupanga yaweza kuwa nzuri kuliko ya kumiliki. Lakini mpangaji hatoboi ukuta, hajui kilichomo darini, na siku mwenye nyumba akiamua kuifunga, yeye hutafuta pa kwenda.

Watu wa Nachingwea tunaijua habari hiyo kwa mfano mkubwa kuliko kompyuta. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walitafuta mafuta ya kula, wakabuni Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947. Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yakaja, misitu ikafyekwa, reli ikajengwa kuja huku, na Mtwara ikachimbiwa bandari. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikauacha mpango. Reli ikaendelea kwa muda ikitafuta mizigo, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Waliokuwa wamepanga maisha yao kandokando ya njia ile hawakuwa na kauli katika kuijenga wala katika kuing'oa. Bandari ya Mtwara ilibaki, nayo inatufaa hadi leo. Sisemi kwamba kila kilicholetwa na wageni kilikuwa hasara. Nasema tu kwamba kitu ambacho huna haki ya kukitengeneza hukifaidi kwa muda atakaoupenda mwenyewe.

Na huru, kwa upande wake, si bure. Hilo nalo Nachingwea inalijua. Hapa palikuwa na kambi kubwa ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, na Samora Machel aliishi na kufundisha humo kabla Msumbiji haijapata uhuru mwaka 1975. Hakuna mzee wa mji huu atakayekuambia kwamba uhuru ule ulikuja pasipo gharama. Kwa kipimo kidogo mno, kisicholingana kabisa na kile, Linux nayo ina gharama zake, na wanaoisifu bila kuzitaja hawatutendei haki. Kuipakua kunakula bando: Linux Mint, tuliyoichagua sisi, ni faili la karibu gigabaiti 3. Mafundi wanaoifahamu ni haba, kwa hiyo ikigoma unajitibu mwenyewe. Printa yetu ya rangi, iliyokuwa ikitii Windows, ilikataa katakata kuzungumza na mgeni, ikabidi tubaki na ile ya nyeusi. Na kijana aliyezoea Windows hupoteza wiki nzima akitafuta vitu ambavyo mikono yake ilivijua bila kuuliza akili.

Sasa huria. Hapa ndipo naomba washairi wenzangu wanisikilize, kwa sababu jambo hili sisi tumelifanya kwa karne kadhaa kabla ya kompyuta kuzaliwa.

Utendi wa Tambuka, katika hati ya zamani zaidi inayojulikana, ni wa mwaka 1728 na ulitungwa Pate. Umbo lake ni lile tulijualo: ubeti wa vipande vinne, kila kipande mizani 8, vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne kinafunga kwa kina kinachopita utenzi mzima. Umbo hilo liliteremka pwani yote. Shaaban Robert alilichukua Tanga na kulitumia kusimulia Vita vya Pili vya Dunia katika Utenzi wa Vita vya Uhuru. Mjomba wangu, Mmwera wa Ruangwa ambaye hajawahi kuiona Pate, amelitumia kuandika habari za Majimaji, za jando na unyago, na za mkorosho. Hakuna aliyeomba kibali. Hakuna aliyelipa. Wala hakuna aliyeiba. Kila mmoja alilipokea umbo likiwa wazi, akaliona lilivyofungwa ndani na nje, akalifanyia kazi yake, akaliacha wazi kwa ajaye. Tena jina la mtunzi halikupotea: tumezoea kulikuta katika beti za mwisho, pamoja na tarehe na wakati mwingine hata mji wake.

Ukiisoma leseni ya GPL, ambayo toleo lake la kwanza ni la mwaka 1989, utakuta kanuni hizohizo katika lugha ya mawakili. Chukua, soma, badili, gawa. Usifute jina la aliyekutangulia. Na unachokigawa baada ya kukibadili, ukiache wazi kama ulivyokikuta. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991 alipoanza kuandika kiini cha Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni hiyo. Tangu hapo maelfu ya watu wamekuwa wakikiongezea beti. Nilipomweleza mjomba jambo hili alifikiri kidogo, akaniuliza, "Mpwa wangu, kwa hiyo hao ni malenga?" Nikamjibu kwamba kwa namna fulani ndio.

Kwake yeye, hata hivyo, jambo lililomshawishi halikuwa falsafa. Mwaka 2003 alikusanya fedha za msimu mmoja wa korosho, akaenda Lindi mjini, akailipa steshenari moja imchapie utenzi wake mrefu kuliko zote. Walimchapia kwa programu ya kupangia kurasa, wakamkabidhi nakala moja ya karatasi na sidii moja. Karatasi ilizunguka kwa marafiki hadi ikapotea. Daftari la asili lililiwa na mchwa. Ikabaki sidii. Steshenari ilikwisha kufungwa, programu ile haiuzwi tena, na kila tulipolifungua faili kwa programu za ofisi zilizomo katika kompyuta za watu, tulipata vurugu ya alama. Utenzi ulikuwapo, tukiushika mkononi, na hatukuweza kuusoma. Mwenye maneno alikuwa hai, ameketi pembeni yetu, na ufunguo wa maneno yake ulikuwa kwa kampuni asiyoijua.

LibreOffice, programu huria ya ofisi inayokuja pamoja na Linux Mint, imejengewa uwezo wa kusoma aina kadhaa za mafaili ya programu zilizoachwa na wenyewe. Watu waliojenga uwezo huo walikaa wakachambua mafaili ya zamani, wakagundua yalivyofumwa, wakaandika njia ya kuyafumua. Walifanya hivyo kwa ajili ya nyaraka ambazo hawakuwahi kuziona. Kupitia njia yao tuliyapata maneno ya mjomba. Hayakuja sawasawa: mistari ilishikana, kurasa zilipishana, beti zilivunjika katikati. Hapo ndipo umbo la utenzi lilipotuokoa. Tulihesabu mizani 8, tukatafuta kina cha vipande vitatu, tukangojea kina cha kufungia, na ubeti ukajirudisha mahali pake. Palipokosekana kipande, mjomba alifumba macho akakisema. Ilituchukua majuma sita. Utenzi huo sasa umehifadhiwa katika muundo wa ODF, ambao tangu mwaka 2006 ni kiwango cha kimataifa cha ISO na maelezo yake yako wazi kwa yeyote. Na nakala ya pili ni maandishi matupu yasiyo na pambo, ambayo kompyuta yoyote itayasoma.

Lipo jambo jingine linalotuhusu sisi wa lugha kuliko wote. Mfumo endeshi ni kitabu kinachosomwa kila siku na watu wasiosoma vitabu. Maneno yake ni ya nani?

Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, tunda la mradi uliojulikana kama Kilinux. Katika miaka hiyohiyo Microsoft nayo iliandaa sura ya Kiswahili kwa ajili ya Windows XP. Ya Dar es Salaam ilibeba alama ya Kiswahili cha Tanzania, ya Microsoft alama ya Kiswahili cha Kenya. Pande zote mbili zilifanya kazi ya kusifiwa, na tuliofurahia kuona Kiswahili kwenye kiwambo hatukuuliza kwanza kimetoka wapi. Tofauti inaonekana baadaye, siku unapokutana na neno usilolipenda. Katika mfumo wa kibiashara unaweza kulalamika. Katika mfumo huria unaweza kulibadili, ukalituma, wenzako wakalijadili, likakubaliwa au likakataliwa kwa hoja.

Na maneno mazuri yamepatikana. Tunasema kupakua faili, neno lililotoka jikoni, tuonapo chakula kikitolewa chunguni na kutiwa sahanini. Tunasema kusasisha, kitenzi kilichozaliwa na "sasa", na mtoto wa darasa la tano hukielewa bila kufafanuliwa. Mengine bado yanagombaniwa: wengine nywila, wengine nenosiri, Kenya tarakilishi ilipata wapenzi, Tanzania kompyuta ikabaki kwenye kiti chake. Ugomvi huo ni afya ya lugha. Lakini unahitaji uwanja ambamo mwenye lugha anaruhusiwa kuingia.

Nikiri ukweli wa upande wa pili. Mlango kuwa wazi hakumaanishi kwamba watu wameupita. Fungua Linux kwa Kiswahili leo na utakutana na orodha ambayo nusu yake ni Kiswahili na nusu Kiingereza, mithili ya nyumba iliyoezekwa upande mmoja mvua ikanyesha. Ufadhili huisha, wanafunzi humaliza masomo, na programu hubadilika kila mwaka ikileta maneno mapya yanayongoja kutafsiriwa. Kampuni humlipa mfasiri. Uwanja wa huria hungojea anayejitolea. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na visipoundwa havielei. Tukilaumu, tujilaumu kwanza sisi tunaojua maana ya neno kufaa na kutofaa.

Lipo pia suala la vijana, nalo lilizua mjadala mkali kuliko yote. Mwalimu mmoja katika kikundi chetu alisema wazi: binti anayeomba ukarani katika ofisi yoyote ya wilaya ataulizwa kama anaijua Windows na Word, hataulizwa habari za uhuru. Nilimwelewa. Ni kweli pia kwamba shughuli nyingi zinahamia mtandaoni, ambako mfumo endeshi hauna kauli kubwa. Minada ya korosho na ufuta ya wakulima wetu, walio chini ya chama kikuu cha ushirika cha Runali, siku hizi hupitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, na ukurasa wa wavuti hufunguka vilevile katika Linux na katika Windows. Lakini hoja ya mwalimu ilibaki imesimama. Hatuwezi kumnyima mtoto wa mwenzetu kazi kwa ajili ya msimamo wetu.

Basi tuliamua hivi. Kompyuta mbili, ile ya Nachingwea na moja ya Ruangwa, zimewekwa Linux Mint, nazo ndizo zinazotunza maandiko. Ya tatu tunaichangia kidogokidogo. Fedha zikitimia tutaibadilisha kwa mpya yenye leseni halali ya Windows 11, na vijana watajifunzia hapo. Mpaka siku hiyo imekatwa intaneti, na haipokei flashi ya mtu. Kila kinachotungwa, popote kinapotungwa, kinahifadhiwa katika muundo ulio wazi. Sharti hili la mwisho ndilo tulilolipigia kura bila kupingana, na ndilo ningemshauri kila mshairi alifuate hata kama hataugusa mfumo mwingine maishani mwake: chagua mfumo utakaoupenda, lakini usiyafungie maneno yako katika sanduku ambalo ufunguo wake ni wa mwingine.

Tumeanza pia kutafsiri maneno yaliyobaki katika LibreOffice, manne matano kila tunapokutana. Tulipo sasa tumekwama. Kitendo cha kurudisha nyuma ulichokifanya tumekipendekezea "tendua", kwa kuwa sarufi yetu tayari inayo kauli ya kutendua: funga, fungua, kunja, kunjua, tenda, tendua. Mjomba hakubali. Anasema tendua ni neno la darasani, na kwamba mtu wa kawaida husema "tengua", kama hukumu inavyotenguliwa au nadhiri. Kura zimegawanyika nusu kwa nusu. Wasomaji mnaoijua lugha kuliko sisi, mnasemaje?